Mwenyekiti na Mtendaji: Safari ya Utawala wa Umma hadi Mbangala

Kata ya Mbangala, iliyokuwa chini ya Wilaya ya Chunya mkoani Mbeya na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Songwe, mkoa wa Songwe ulioanzishwa 2016, huendeshwa kwa misingi iliyojadiliwa na wanazuoni kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1887 Woodrow Wilson, msomi wa Marekani aliyekuja kuwa rais, alidai kwamba utawala, yaani utekelezaji wa sheria, utenganishwe na siasa, yaani uamuzi wa kipi kitekelezwe. Mjerumani Max Weber naye alifafanua urasimu, mfumo wa ofisi zenye ngazi, kanuni zilizoandikwa na watumishi wanaoajiriwa kwa sifa badala ya undugu.

Ajabu ni kwamba Wajerumani walipoitawala Tanganyika waliacha nyuma yale yaliyokuwa yakisifiwa kwao, kwa kuwa akida, yaani ofisa waliyemweka kusimamia eneo, alitoza kodi, akaamua kesi na kutoa adhabu, mamlaka yote yakiwa mkononi mwake peke yake. Waingereza waliowafuata, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga mwaka 1926 sheria ya kuwatawala wenyeji kupitia machifu, ambao mamlaka yao yalifutwa 1963.

Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ulianza mpango wa Madaraka Mikoani, ambao licha ya jina lake ulizivunja halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na kuyaweka maamuzi mikononi mwa watumishi wa serikali kuu. Wataalamu wakapata nguvu, mpiga kura akabaki mtazamaji. Kosa hilo lilirekebishwa kwa sheria za 1982, na halmashauri zikarejea 1984.

Chini ya sheria hizo, hoja ya Wilson inaonekana wazi kwenye meza ya ofisi ya kijiji katika kata kama Mbangala: mwenyekiti aliyechaguliwa huongoza kikao, huku mtendaji aliyeajiriwa, ambaye ndiye katibu, akiandika muhtasari na kusimamia utekelezaji. Mpaka kati yao haujawahi kunyooka, wala si lazima unyooke, maadamu wote wawili hutoa hesabu mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake na ana haki ya kuhoji mapato na matumizi yanaposomwa.