Kwa nini gari moja huwa na majina na injini tofauti

Abiria anayepanda mwinuko wa Manga, baina ya Kisii na Nyamira, aghalabu husafiri ndani ya Toyota Probox. Gari hilo lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, likiwa na injini za petroli za lita 1.3 na 1.5. Anayetaka kulinunua hana budi kujua kwamba ukubwa wa injini hutegemea soko ambalo gari liliundiwa.

Nchini Japani, kodi ya kila mwaka ya gari hupangwa kwa viwango vya ujazo wa injini: cc 1,000, 1,500, 2,000 na kuendelea. Ndiyo maana injini nyingi za huko hukomea chini kidogo ya mipaka hiyo. Ile kubwa ya Probox, kwa mfano, ina cc 1,496.

Barani Ulaya, petroli hutozwa ushuru mkubwa, na Italia kwa miaka mingi iliyadhibiti kwa kodi magari yenye injini inayozidi lita 2. Marekani haina mazoea hayo. Ushuru wa serikali kuu kwa petroli umebakia senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993, hivyo injini kubwa si mzigo kwa mwenyewe.

Matokeo yake ni bayana. Vitz ya Japani iliitwa Yaris huko Ulaya, na masoko yote mawili yalipata injini ya lita 1. Yaris ilipofika Marekani mwaka 2006, iliuzwa kwa injini ya lita 1.5 pekee, ile ile ya Probox. Kadhalika, Harrier iliyozinduliwa mwaka 1997 ilipatikana Japani kwa injini ya lita 2.2 au 3. Marekani ililipokea gari hilo kwa jina la Lexus RX 300, likiwa na injini ya lita 3 tu.

Kenya, inayotaka magari yenye usukani upande wa kulia na yasiyozidi umri wa miaka 8, hununua mengi kutoka Japani. Nayo hutoza kwa kuzingatia ujazo: Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayozidi cc 1,500 kutoka asilimia 20 hadi 25.

Hata hivyo, ushuru nafuu si hoja pekee. Injini isiyo na taboni hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kisii uko takriban mita 1,700. Penye mlima na mzigo, lita 1.3 huelemewa mapema, ilhali lita 1.5 hutozwa ushuru wa kiwango kile kile.

Kwa Probox ya toleo la kwanza, kagua nambari ya muundo: NCP50 ni lita 1.3, NCP51 ni lita 1.5. Jina lililobandikwa nyuma halikuelezi hayo.