1991: Tulifunguliwa mlango, tukapewa bili

Watu wangu, kila mtu wa Garissa akiacha chuo, utaskia eti ni uvivu. Hebu tuangalie tarehe kwanza.

Desemba 1963 serikali ilitangaza hali ya hatari huku kwetu. Waraka wa serikali namba 10 wa 1965 ukasema pesa za maendeleo ziende kule zitazalisha zaidi. Sisi wa ukame tukabaki nyuma. Hali ya hatari iliondolewa 1991. Mwaka huo huo, vyuo vikuu vya umma vikaanza kudai wanafunzi karo.

HELB ilikuja 1995. Chuo kikuu cha umma hapa Garissa tulingoja hadi 2011.

Na benki ya mzazi wa huku ni mbuzi na ngamia. Mvua ilipokosa miaka ya 2020 hadi 2022, mifugo ilikufa, na iliyobaki ilikonda, haina bei. Karo haikungoja mvua. Mimi nilitoka mwaka wa pili na deni, si na alama mbaya.

Vyuo viruhusu karo ilipwe kwa awamu, kufuata msimu wa kuuza mifugo. Hilo tu lingebakisha wengi darasani.