Samaki wa Ziwa Tanganyika katika tangi: maji maangavu si lazima yawe salama

Ziwa Tanganyika, linalozungukwa na Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina kina cha takriban mita 1,470 na ni la pili kwa kina duniani. Ndani yake huishi zaidi ya spishi 200 za sikilidi, yaani samaki wa jamii moja na perege na kuhe, na nyingi kati ya hizo hazipatikani mahali pengine popote. Kwa miongo kadhaa, samaki wadogo wa rangi kutoka ziwa hilo wamekuwa wakisafirishwa hadi nchi za mbali ili kufugwa katika matangi ya vioo. Adui wao mkubwa humo haonekani kwa macho.

Adui huyo ni amonia. Samaki huitoa mfululizo kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanayooza huiongeza. Ziwani huyeyuka katika maji yasiyo na kifani kwa wingi, lakini katika tangi la lita 200 hujikusanya siku baada ya siku, hata kama maji yanang'aa kama kioo.

Amonia huwa majini kwa sura mbili: moja ina madhara madogo, nyingine hupenya matamvua na kuua. Kipimo cha pH ndicho kinachoamua kwa kiasi kikubwa ni ipi itakayozidi. Katika nyuzi joto 25, maji yenye pH ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ile ya sumu. pH ikifika 9, kiwango hicho hukaribia theluthi moja. Maji ya Ziwa Tanganyika yana tabia ya magadi, na pH yake hukaribia 9. Kwa hiyo uchafu ambao samaki wa maji ya kawaida angeuvumilia unaweza kumwua sikilidi wa Tanganyika.

Kinga yake ni bakteria. Mwaka 1890, mwanasayansi Sergei Winogradsky alifanikiwa kutenga bakteria wanaopata nguvu zao kutokana na amonia. Katika tangi, kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi, ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha maji.

Hiyo ndiyo maana ya uchujaji wa kibiolojia. Sponji, changarawe na vipande vya kauri ndani ya kichujio huwapa bakteria mahali pa kujishikiza, huku pampu ikiwapelekea maji yenye oksijeni. Kichujio kipya hakina bakteria wa kutosha. Kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita, kikilishwa amonia kidogo kidogo kabla samaki hawajatiwa. Huwa tayari pale ambapo amonia iliyotiwa leo, pamoja na nitriti inayotokana nayo, haionekani tena kwenye kipimo cha kesho.

Baada ya hapo, bakteria hao nao hutaka kutunzwa. Sponji husuuzwa katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba huwaua. Takriban robo ya maji hubadilishwa kila wiki kwa maji yaliyoondolewa klorini. Kazi ya bakteria hula pia magadi ya maji na kuishusha pH polepole. Vipande vya chokaa au vya matumbawe ndani ya kichujio husaidia kuirejesha.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya kichujio hukosa oksijeni na kuanza kufa. Katika muda huo samaki hawalishwi, na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri huwa msaada mkubwa. Umeme ukirejea, maji yaliyolala ndani ya kichujio humwagwa kabla ya kukiwasha, na amonia hupimwa kila siku kwa siku kadhaa. Ziwani, samaki anaweza kuhama maji mabaya. Tangini hana pa kwenda, na usalama wake umo mikononi mwa anayemfuga.