Kuanzia Kisimani: Njia ya Baba kutoka Mnarani hadi Sabaki

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa visima. Alichimba kati ya Kilifi na Malindi kwa mtaimbo, sururu, ndoo na kapi, wala hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja cha historia. Mimi ninalifundisha somo hilo, na mengi ninayoyategemea darasani niliyapata kwake. Baada ya kumzika, niliifuata njia aliyozoea kwenda nayo kazini, nikiyapitia upya magofu aliyonionyesha nilipokuwa msichana.

Nilianzia Mnarani, kusini mwa hori ya Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, watu walivuka hapa kwa feri, na foleni ikiwa ndefu Baba alinipandisha juu ya jabali tukatembee. Mji huu ulikaliwa tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Wageni wengi husimama kwenye kibla ya msikiti kutazama maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe, kisha huenda kwenye kaburi la mnara. Baba alipita moja kwa moja hadi kisimani, kando ya msikiti. Aliinama ukingoni akaanza kupiga hesabu: wangapi walikuwa chini, wangapi walivuta kifusi, kamba ilikuwa ya urefu gani.

"Mama," aliniambia, "aliyejenga mnara alifanya kazi anaona jua. Huyu wa kisima mbona hatajwi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Yeye mwenyewe, kabla ya kushuka, aliteremsha mshumaa uliowashwa. Ukizimika, hashuki mtu siku hiyo, kwa maana hewa ya chini inaua. Akiyafikia maji, aliyaonja kwanza kwa ncha ya ulimi, akatema, akaonja tena, ndipo akamwita mwenye shamba.

Kutoka Kilifi, barabara ya Malindi hupakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Gede. Hapa kuna kuta, kasri, misikiti na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kazi Gede mwaka 1948, akafukua vyungu vya wenyeji na vyombo vya kaure kutoka China. Swali linaloulizwa tangu hapo ni kwa nini mji uliokuwa na neema hivi ulihamwa katika karne ya 17. Wapo wanaotaja Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, wapo wanaotaja kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi pamoja na Wareno mwaka 1593, na wapo wanaotaja mashambulizi ya Waoromo. Kirkman alitaja pia kupungua kwa maji visimani.

Nilipomsomea Baba sababu hizo, ile ya mwisho ndiyo iliyomfanya akae wima. Alisema kisima hakikauki kama mlango unavyofungwa. Kwanza foleni inarefuka. Mwanamke aliyekuwa akiamka alfajiri anaamka saa tisa usiku. Halafu wanakorofishana kwa sababu ya ndoo, mafundi wanaitwa wachimbe zaidi, na aliye na jamaa kwingine anahama kimyakimya. Adui akifika, anakuta watu wameshaanza kuondoka. Kwa maelezo hayo nilielewa kwamba sababu zile za vitabuni hazigombani, zinaweza kufuatana katika mji mmoja.

Malindi penyewe, kila mtalii hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mreno huyo alifika Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, akafika huko mwezi Mei. Vitabu vinabishana kuhusu rubani alikuwa nani. Baba alitaka kujua mapipa yao ya maji yalijazwa kisima gani, na nani aliyekuwa akiteka.

Leo Malindi inakunywa maji ya Baricho, yanayovutwa kutoka visima vilivyozamishwa kwenye mchanga wa mto Sabaki, na sehemu ya maji hayohayo hupelekwa hadi Mombasa. Visima vya ufukweni bado vipo, lakini vina masharti. Chini ya ardhi, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, nayo ni kama mgeni: ukimsumbua, anaondoka. Pampu ikivuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na kisima kinaweza kukaa miaka mingi bila kupona. Mara moja tajiri mmoja alimwahidi malipo maradufu ashuke zaidi. Baba alionja, akakunja kamba yake, akarudi nyumbani na nusu ya ujira. Mwezi huo tulikula mihogo.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, nikiwapeleka Gede, hawaanzii kwenye kasri. Nawaanzishia kwenye kisima cha Msikiti Mkuu na mahali pa kutawadhia, nawauliza nani alikuwa wa kwanza kuamka. Tangu Julai 2024 Gede imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni wakiongezeka, watahitaji vyumba, mabafu na mabwawa ya kuogelea. Baba angeifurahia heshima hiyo, kisha angewauliza wakubwa maji yatatoka wapi. Kwa kuwa hayupo, nitawauliza mimi.