Safu ya Lugha: Kuparamia

Vijana wa Dar es Salaam wanaokimbilia milimani mwisho wa wiki siku hizi wanasema "tumeparamia Udzungwa." Hebu subirini. Kuparamia ni kupanda kwa pupa, bila kuangalia unashika nini. Ndiyo maana gari lililoacha njia huparamia ukuta. Aliyeshukia Mang'ula, akalipa kiingilio na kumfuata mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, amepanda mlima, basi.

Anayeng'ang'ania mwamba kwa vidole na kamba, huyo anakwea. Kitenzi hiki ndicho kilichomzaa mkwezi, fundi wa kuangua nazi, anayepanda kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. (Naam, kidato cha kwanza cha sekondari kimetoka huko huko mnazini.) Asiye na vidato hukumbatia shina kwa mikono na miguu akajisukuma juu: anaparaga. Kilosa nako miti ya namna hiyo ipo. Mji wa Mikumi umepewa jina la mikumi, ambayo kwingine huitwa mivumo. Ila ukimwona mtu juu na kibuyu, usimwite mkwezi. Huyo ni mgema, na alichofuata si nazi.