Fedha Ilipogeuza Njia: Kutoka Kodi ya Nyumba hadi Ruzuku ya Kaya

Mjadala wa ruzuku ya fedha kwa kaya maskini huendeshwa nchini mwetu kana kwamba Serikali na mkulima maskini hawakuwahi kupeana fedha kabla ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Historia inaonyesha vinginevyo. Wamekuwa wakipeana kwa zaidi ya karne moja, ila kwa muda mrefu mkono uliotoa ulikuwa wa mkulima.

Utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kiwango cha kawaida kwa nyumba ya kijijini kikiwa rupia 3. Kodi hiyo haikulenga kujaza hazina peke yake. Ilikusudiwa pia kumlazimisha mkulima aliyejitosheleza kwa chakula atafute fedha, ama kwa kulima zao la biashara ama kwa kuuza nguvu zake katika mashamba ya walowezi. Chuki dhidi ya kodi na kilimo cha shuruti cha pamba ni miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji mwaka 1905. Waingereza waliendeleza mfumo huo kwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, na vijana wengi wakaondoka vijijini kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Hata baada ya uhuru, kodi ya maendeleo ilibaki katika kumbukumbu za vijiji vingi kwa sura ya mgambo na wanaume waliokimbilia porini alfajiri. Ilifutwa mwaka 2003.

Ndiyo maana naona kwamba jambo lililofanyika katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha mwaka 2010 lina uzito mkubwa kuliko tunavyolipa. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kujulikana zaidi kwa madarasa na zahanati, ilianza kutoa fedha taslimu kwa kaya maskini kwa majaribio. Vijiji vilikuwa 80. Kwa njia ya bahati nasibu, 40 vikaanza kupokea na 40 vikasubiri, ili tofauti ipimwe kwa haki. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuwatambua walengwa. Masharti yalikuwa watoto waende shule, na watoto wadogo, wajawazito na wazee wahudhurie zahanati. Baada ya majaribio hayo ulizaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kufikia mwaka 2015 ulikuwa na kaya takriban milioni 1.1.

Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo. Katika mpango huo mpana, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, ikiongezeka kulingana na idadi ya watoto na utekelezaji wa masharti, na malipo yalipangwa kutolewa kila baada ya miezi miwili. Fedha ya kiasi hicho inabadili nini katika maisha ya kaya?

Tathmini ya majaribio, iliyotolewa mwaka 2014, inatoa majibu yasiyo na makeke. Kaya zilizopokea zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujiunga na bima ya afya ya jamii na kuitumia kulipia matibabu. Afya ya watoto wadogo iliimarika. Watoto walinunuliwa viatu, jambo ambalo msomaji wa mjini anaweza kulipuuza mpaka akumbuke minyoo na vidonda vya miguuni. Kaya zilinunua pia mifugo, hasa kuku, na nyingine mbuzi.

Nawaomba wanafunzi wangu wawatazame kuku hao kwa makini. Kaya isiyojua shilingi ijayo itatoka wapi huishi kwa kuuza kesho yake ili ipite leo. Mazao huuzwa yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Kagera mtindo huo katika kahawa unaitwa butura. Mama huacha shamba lake wakati wa palizi akapalilie la mwingine kwa kibarua, na shamba lake linazaa kidogo, na mwaka unaofuata anarudi kulekule. Kuku ni akiba inayotembea: wanauzwa mmoja mmoja mtoto anapougua au daftari linapohitajika, na shamba linabaki salama. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, nguvu ya ruzuku iko katika tarehe kuliko katika kiasi. Kaya inayojua siku ya malipo inaweza kupanga, hata mwenye duka anaweza kuikopesha. Malipo yanapochelewa kwa miezi, ruzuku hugeuka kuwa bahati, na hakuna anayepanga maisha juu ya bahati.

Pingamizi kubwa linajulikana: fedha ya bure huzaa uvivu na ulevi. Wapo wanaolipamba kwa methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Lakini kaya hizi si mgeni wa mtu. Jembe limo mikononi mwao tangu enzi za rupia 3. Ushahidi nao hauliungi mkono pingamizi hilo. Huko Rarieda, magharibi mwa Kenya, kaya zilizopewa fedha bila sharti lolote kuanzia mwaka 2011 zilitumia zaidi katika chakula na mali, bila kuongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Utafiti mwingine uliofanyika katika Kaunti ya Siaya ulionyesha kwamba fedha zilizogawiwa zilizunguka hadi kuwanufaisha majirani wasiopata mgawo, huku bei zikipanda kidogo mno.

Lipo tokeo jingine, la kisiasa, ambalo watumishi wa umma wanapaswa kulitafakari. Uchambuzi wa majaribio ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ruzuku iliongeza imani ya wananchi kwa viongozi wao, hasa wa kuchaguliwa, na zaidi katika vijiji vilivyokuwa na desturi ya kufanya mikutano mingi. Baada ya karne ya kuiona Serikali ikija kuchukua, mwananchi ameiona ikija kutoa, mbele ya mkutano, kwa orodha inayojulikana.

Hata hivyo, nisingependa sifa hizi zifunike kasoro. Masharti yanamwajibisha mama ampeleke mtoto zahanati, lakini hayaiwajibishi zahanati kuwa na dawa. Orodha huacha nje kaya ambazo umaskini wake haupishani na wa zile zilizoingia. Tena mpango umetegemea kwa sehemu kubwa mikopo na misaada ya nje, hivyo uhai wake unaweza kuamuliwa na watu ambao mlengwa hawezi kuwapigia kura wala kuwauliza.

Mfano wa njia tofauti hauko mbali. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, kutoka bajeti ya Serikali yenyewe. Hakuna kupimana umaskini wala kujadiliwa mkutanoni, umri unatosha. Kenya nayo, katika Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, imeitaja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu.

Kati ya haki na hisani ndipo penye mgogoro wenyewe. Kodi ya nyumba haikuwa hisani ya mkulima kwa bomani. Ilikuwa amri ya kisheria, yenye kiwango, muda na adhabu. Fedha inayorudi kijijini inastahili uthabiti uleule: kiwango kilichotajwa katika sheria, tarehe isiyobadilika, na mahali ambapo mama aliyekosa malipo yake anaweza kulalamika na kujibiwa. Mpaka hapo, wanaharakati wanaodai nyongeza ya kiasi wanadai jambo jema, lakini waanze na kalenda.