Udadisi wa Samuel Pepys

Katika maktaba ya Chuo cha Magdalene, Cambridge, mna juzuu sita za maandishi ya mkono ambazo, kwa zaidi ya miaka 100 baada ya kufa mwandishi wake, yaliyomo ndani yake hayakujulikana. Hazikuwa zimefichwa. Zilikaa rafuni pamoja na vitabu vingine 3,000 hivi vya mtu yule yule. Lakini zilikuwa zimeandikwa kwa hati mkato, na kila aliyezifunua alizifunika tena. Mwaka 1819 mwanafunzi mmoja maskini, John Smith, alipewa kazi ya kuzifumbua. Alitaabika miaka mitatu, wala hakujua kwamba kitabu cha Thomas Shelton kinachofundisha hati ile ile kilikuwamo katika maktaba hiyo hiyo. Sehemu ya maandishi hayo ilipochapishwa mwaka 1825, ulimwengu ulipata kumjua Samuel Pepys.

Pepys alizaliwa London mwaka 1633, mwana wa mshona nguo. Alisoma Cambridge, na mwaka 1660, kwa msaada wa jamaa yake mwenye cheo, alipata ukarani mkubwa katika ofisi ya manowari za Uingereza. Tarehe 1 Januari ya mwaka huo alikuwa amekwisha kuanza shajara yake, na aliiandika hadi tarehe 31 Mei 1669. Katika muda huo mji wake ulipatwa na mambo makuu matatu: kurudi kwa ufalme mwaka 1660, tauni mwaka 1665, na moto mkubwa mwaka 1666. Yote hayo yamo katika shajara. Lakini hayo wengine nao waliyaandika. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tarehe za wafalme na za vita ndizo mlango wa zama zile. Karani huyu ndiye anayetuingiza ndani.

Alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu. Tarehe 25 Septemba 1660 aliagiza kikombe cha chai, kinywaji kutoka Uchina ambacho hakuwa amekionja kabla ya siku hiyo, akakiandika kama alivyoandika mambo ya serikali. Mwezi wa Julai 1662, naye ana umri wa miaka 29 na shahada ya chuo kikuu, aliona haya kwamba hajui hesabu za kuzidisha. Akamtafuta baharia mmoja amfundishe, akawa anaamka alfajiri kukariri jedwali kama mtoto wa shule. Udadisi huo haukuwa wa bure. Alipojua kupima mbao kwa hesabu, wafanya biashara waliozoea kuipunja ofisi ya manowari hawakuweza kumdanganya tena.

Mwaka 1664 alinunua hadubini kwa pauni 5 na shilingi 10, bei aliyoiona kubwa mno. Mwezi wa Januari 1665 alipata kitabu cha Robert Hooke chenye picha za kiroboto na chawa waliokuzwa kwa chombo hicho, akakesha nacho hadi saa nane ya usiku. Mwezi wa Mei mwaka huo huo alipata saa ya mfukoni. Alasiri nzima, akiwa ndani ya gari la farasi, aliishika mkononi, akaitazama mara baada ya mara, huku akijicheka, na akashangaa jinsi alivyoweza kuishi siku zote bila ya chombo hicho. Msomaji wa leo, ambaye hawezi kumaliza robo saa bila ya kuitazama simu yake, hana haja ya kuelezwa hali hiyo. Yamkini kila zama hujidhani kuwa ya kwanza kutekwa na vyombo vyake vipya.

Zaidi ya hayo alipenda muziki. Alipiga filimbi na vinanda vya nyuzi, akatunga na nyimbo. Mwaka 1668 alisikia filimbi katika mchezo wa kuigiza, akasema kwamba sauti yake ilimtia ugonjwa uliofanana na ule wa siku za zamani alipokuwa akimpenda mkewe. Alipenda michezo hiyo kiasi cha kujiwekea nadhiri ya kutoiendea, pamoja na faini ya kuwapa maskini kila alipovunja nadhiri. Faini alizilipa.

Yanayotufanya tumwamini mtu huyu ni kwamba hakuchagua. Mwandishi ajuaye kwamba atasomwa hupanga mambo kwa vyeo: kubwa huliweka juu, dogo hulitupa. Pepys aliandika lililompitia moyoni siku ile. Tarehe 3 Septemba 1665, watu wakifa kwa maelfu, alivaa nywele za bandia alizozinunua zamani kidogo na kuogopa kuzivaa kwa kuwa tauni ilikuwa mahali alipozinunua; akajiuliza mtindo huo utakuwaje baada ya tauni, maana nani atathubutu kununua nywele ambazo labda zilikatwa katika kichwa cha maiti? Hakuna taarifa ya serikali ingaliandika wazo hilo. Nalo latueleza hofu ya mji ule kuliko hesabu ya makaburi.

Vivyo hivyo katika moto. Tarehe 2 Septemba 1666 yeye ndiye aliyekwenda kumwarifu Mfalme Charles wa Pili, akarudi na amri ya kubomoa nyumba ili moto ukose njia. Kwa siku nne ziliteketea nyumba zaidi ya 13,000, pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo. Pepys aliona pia njiwa waliokataa kuacha nyumba zao, wakazungukazunguka madirishani hata mabawa yakaungua wakaanguka. Na siku mbili baadaye, moto ukikaribia kwake, alichimba shimo akazika mvinyo wake na jibini yake ya Italia. Mtu atakayecheka jibini hiyo na afikiri mwenyewe angaliokoa nini.

Lakini udadisi usiochagua humshuhudia mwenyewe pia. Pepys aliandika rushwa alizopokea, na jinsi alivyowaendea wanawake waliokuwa chini ya mkono wake, miongoni mwao Deborah Willet, msichana wa miaka 17 aliyeajiriwa kuwa mwandani wa mkewe. Mwezi wa Oktoba 1668 mkewe aliwafumania, na baada ya majuma machache aliyefukuzwa nyumbani ni msichana. Alilofikiri Deborah hatulijui, kwa maana kalamu ilikuwa ya bwana wake.

Na liko tukio moja ambalo kila mpenzi wa historia hana budi kulitafakari. Mkewe, Elisabeth, aliolewa akiwa hajatimiza miaka 15, na mara nyingi aliachwa peke yake nyumbani. Naye aliandika. Tarehe 9 Januari 1663 alitoa karatasi akamsomea mumewe maneno aliyoyatunga juu ya upweke wa maisha yake. Pepys alighadhibika, hasa kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza cha wazi ambacho mtu yeyote angeweza kukiokota na kukisoma. Alimwamuru aichane, alipokataa, alimnyang'anya akaichana mwenyewe, kisha akachukua barua zake nyingine akazichana mbele ya macho yake, naye analia akimsihi asifanye hivyo.

Mtu aliyehifadhi habari za kikombe cha chai hakuweza kuivumilia karatasi ya mkewe. Siri zake mwenyewe alizitia katika hati mkato, akazijalidi vizuri, akazirithisha kwa chuo. Siri ya mkewe ilikuwa katika lugha ya watu wote, kwa hiyo ikawa hatari. Elisabeth alikufa mwezi wa Novemba 1669, umri wake miaka 29. Pepys aliishi hadi 1703, akawa rais wa Royal Society, na jina lake likachapwa katika ukurasa wa kwanza wa kitabu kikuu cha Isaac Newton cha mwaka 1687.

Basi tumshukuru mdadisi huyu kwa haki, kwani ametufundisha kwamba mambo madogo ya siku moja, yakiandikwa kwa kweli, huishi kuliko amri za wafalme. Lakini tunaposoma kumbukumbu za nyumba yoyote, tuulize pia ni mikono gani mingine iliyoandika humo, na maandishi yake yalikwenda wapi. Juu ya karatasi ya Elisabeth tunajua machache tu: kwamba ilikuwa ya Kiingereza, kwamba ilisema habari za upweke, na kwamba ilichanwa. Hata hayo tunayajua kutoka kwa aliyeichana.